Kidani cha Mwana Kupona: zawadi ya bi harusi tunayoisoma nusu



Bi harusi akishatiwa hina na nyumba ikatulia, hapo ndipo somo anapomwita chumbani kumpa maneno. Mara nyingi katika maneno hayo hutajwa Mwana Kupona. Mume umridhishe, ujipambe, nyumba uiweke safi, usitoke bila ruhusa. Mwari anaitikia, wenzake wanacheka kichini chini, na somo linaishia hapo. Nami niliolewa nikiamini kwamba utenzi ule wote ni hayo manne matano tu. Nilipokaa nikausoma kuanzia mwanzo hadi mwisho, niliona kuwa nimepewa nusu ya zawadi. Leo napenda tuitazame yote.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mwanamke wa kisiwa cha Pate, kaskazini mwa pwani ya Kenya. Mumewe, maarufu kwa jina la Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu, mji wa kisiwa hicho hicho ulioshindana kwa miaka mingi na Sultani wa Zanzibar. Kwa hiyo bibi huyu hakuishi maisha ya raha tupu. Aliishi katika nyumba iliyojua vita, na mwaka 1856 akafiwa na mume. Miaka miwili baadaye, yaani 1858, sawa na mwaka 1275 wa Hijria, akautunga utenzi wake kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Wakati huo alikuwa mgonjwa, na ugonjwa ulikuwa umekwisha kumkalia muda mrefu. Yapata mwaka 1860 akafariki. Allah amrehemu.

Sasa tazama anavyoanza. Hamtaji mume kwanza. Anamwita mwanawe asogee karibu, aje na wino na karatasi, kwa kuwa ana jambo moyoni la kumwambia. Ni mama aliye kitandani, anayejua kwamba huenda asiwepo siku mwanawe atakapomhitaji. Anamwambia kwamba anampa hirizi ya kujifunga, na kwamba anamtungia kidani cha lulu na marijani. Sisi tunajua thamani ya dhahabu anayovishwa bi harusi. Yeye alichagua kumvisha mwanawe maneno.

Na maneno yenyewe yana mpango. Kwanza dini: ashike faradhi, na sunna akiweza asiiache. Kisha tabia mbele za watu: awe na adabu na ulimi mzuri, awe mkweli, awe mchangamfu, asipende ubishi. Ndipo anapofika kwenye radhi tano ambazo mja anazihitaji: ya Mwenyezi Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama, na ya mume. Mume ni wa tano. Ni kweli kwamba baada ya hapo anazungumza naye kwa urefu, na anamtaka binti awe mtiifu kuliko wengi wetu tulivyozoea kusikia leo. Sitalificha hilo. Lakini binti anayeingia katika ndoa hiyo ameshapewa dini yake, heshima yake na wazazi wake. Haendi kwa mume akiwa mtupu.

Tena Mwana Kupona anatoa ushahidi wa maisha yake mwenyewe. Anaeleza kwamba aliishi na mumewe kwa mapenzi, hakuna aliyemuudhi mwenzake, na kwamba hadi kufa kwake mume alikuwa radhi naye. Haya ni maneno ya mjane anayekumbuka. Ukiyakata ukabakisha amri peke yake, umeyaondoa mapenzi yaliyozaa amri hizo. Somo anayempa mwari utiifu bila kumwambia kwamba mume naye alikuwa mwema, amempa nusu.

Hata hivyo, tusimsome kama malaika. Fasihi hutuonyesha jamii ilivyokuwa, pamoja na yale yasiyopendeza. Katika utenzi huo huo anamuasa binti asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Hapo tunaiona nyumba ya wakubwa wa Pate ilivyojengwa: nani anakaa mkekani, nani anatumwa. Wale waliotumwa nao walikuwa mama na mabinti, na wosia wao hatukuupata kwa maandishi. Utumwa Zanzibar ulifutwa kisheria mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Tunapomheshimu bibi yetu huyu, hatulazimiki kurithi kila alichokiamini.

Na binti akikosa hata hiyo nusu ya wosia? Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1980, mwandishi wa Zanzibar Said Ahmed Mohamed alitoa riwaya yake Utengano. Mle tunamkuta Maimuna, binti wa Bwana Maksuudi, tajiri mwenye cheo na sura mbili. Msichana anafungiwa ndani, hajui la nje. Siku anapotoka, ulimwengu unamtafuna. Baba alimlinda kwa kuta, na moyoni mwake hakumwekea kitu cha kujilinda nacho. Mwana Hashima naye alikuwa binti wa ndani, katika zama za stara kali kuliko hizo. Tofauti ni kwamba yeye aliitwa asogee, akaketi na mama yake, akaambiwa.

Jambo jingine hupitwa bila kutajwa. Mwana Kupona aliandika. Katika nyumba kama yake walikuwapo wanawake waliojua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mwishoni mwa utenzi anawataka wanawake wausome. Wakausoma, wakauhifadhi, ukapita mkono kwa mkono mpaka ukatufikia. Kwa hiyo anayemtumia bibi huyu kumwambia binti kwamba elimu si yake, hakumsoma.

Dada yangu unayejiandaa na harusi, mwombe somo wako akusomee utenzi wote, tangu pale mama anapoomba wino. Na wewe mama mwenye binti, usingoje usiku wa hina wala maradhi. Mwite leo akae karibu yako, mzungumze. Kidani hicho hakiuzwi kwa sonara yeyote.

Allah azijaalie ndoa zetu mapenzi na huruma. Amin.