Saraka ya /usr/local na Mpaka wa Mamlaka katika Mifumo ya Linux

Katika miaka ya mwanzo ya Linux, aliyehitaji programu aghalabu alipata msimbo chanzo wake, akaukompaili mwenyewe, kisha akaisimika katika mfumo. Mradi wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993, ulisaidia kueneza utaratibu mwingine: kifurushi kilichotayarishwa na wengine, na programu ya dpkg inayotunza daftari la kila faili inayosimikwa.

Daftari hilo hurekodi tu kile ambacho dpkg yenyewe imekiweka. Faili iliyosimikwa kwa amri ya make install haimo. Na ikikalia nafasi ya faili ya kifurushi, usasishaji unaofuata huweza kuifuta.

Mgogoro huo ulitatuliwa kwa kuweka mpaka. Kanuni ya mpangilio wa saraka, iliyotoka mara ya kwanza Februari 1994 na baadaye kuitwa FHS, ilidumisha desturi iliyorithiwa kutoka Unix: saraka ya /usr/local ni ya msimamizi wa mashine, na usasishaji wa mfumo usiiguse. Sera ya Debian nayo inavikataza vifurushi kuweka faili humo. Mpaka uliomlinda msimamizi, hata hivyo, ulimwachia pia mzigo wote wa matunzo.

Uzito wa mzigo huo ulidhihirika tarehe 7 Aprili 2014, ilipotangazwa kasoro ya Heartbleed katika maktaba ya OpenSSL, iliyoruhusu mshambuliaji kusoma kumbukumbu ya seva, pengine hata funguo zake za siri. Debian ilitoa kifurushi kilichorekebishwa siku hiyo hiyo, kikiendelea kubeba namba 1.0.1e, namba ya toleo lenye kasoro. Kilichobadilika ni kiambishi chake tu. (Mkaguzi aliyeamini namba peke yake angeihukumu vibaya seva iliyo salama.) Hatari kubwa zaidi ilikuwa upande wa pili. OpenSSL iliyokompailiwa kwa mkono ilisimikwa kwa kawaida chini ya /usr/local/ssl, na hapo usasishaji haukuifikia. Seva ingeweza kuripoti kwamba vifurushi vyote ni vipya, ilhali huduma yake ya wavuti inatumia maktaba ya zamani. Ilimbidi msimamizi akumbuke alichokisimika, akompaili 1.0.1g, kisha aiwashe upya huduma. Daftari la dpkg lisingemkumbusha: likiulizwa juu ya faili hiyo kwa dpkg -S, hujibu kwamba haliijui.