Kile Kitambaa cha Kochi Ulichokuwa Unakionea Aibu Kina Stori Nzito

Wadau, tuwe wakweli. Wengi wetu tumekulia kwenye sebule yenye vile vitambaa vya kufuma. Kimoja mgongoni mwa kochi, kimoja juu ya redio, kingine juu ya TV, na kingine kimekaliwa na maua ya plastiki. Halafu kuna ule mto wenye foronya ya kroshia. Ule ulikuwa wa wageni, na ole wako uulalie na kichwa chenye mafuta!

Mimi nilivionea aibu. Nilipopanga chumba changu cha kwanza, mama alinifungia mito miwili yenye foronya alizofuma marehemu bibi. Nikamwambia asante, nikaitupia juu ya kabati. Niliona ni mambo ya kizamani.

Sasa juzi kati staa mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, akapiga picha sebuleni kwake amekumbatia mto wa miraba ya rangi rangi. Komenti zote ni "dada naupata wapi huo mto?" Nikaangalia vizuri. Wadau, ni mto wa bibi kabisa! Nikapanda kwenye stuli nikaishusha yangu. Kuanzia hapo nikaanza kufukua stori ya hii kitu, na nilichokuta si mchezo.

Tuanze na hilo suala la kichwa chenye mafuta. Karne ya 19, Uingereza, wanaume walikuwa wanapaka nywele mafuta mpaka zinang'aa. Yaliyovuma zaidi yaliuzwa na kinyozi wa London aitwaye Alexander Rowland, akayaita mafuta ya Macassar, kutokana na bandari ya Makassar ambayo leo iko Indonesia. Mwanaume anapendeza, lakini akiegemea kochi, doa hilo hapo. Wenye nyumba wakaanza kutandika vitambaa migongoni mwa viti, kwa sababu kitambaa unakifua, kochi huwezi. Kwa Kiingereza vikaitwa antimacassar, maana yake kinga dhidi ya Macassar. Kwa hiyo mama alipokuwa anakufokea kwa kuegemea mto, ugomvi wenyewe una zaidi ya miaka 150.

Lakini vitambaa vya kroshia vilifumwa na nani? Hapa ndipo stori inapokuwa nzito.

Mwaka 1845 ugonjwa ulivamia viazi nchini Ireland. Mamilioni ya watu maskini walikuwa wanategemea viazi kama chakula chao kikuu. Njaa ikakaa miaka kadhaa. Watu wapatao milioni 1 walikufa, na wengine zaidi ya milioni 1 wakaihama nchi. Katika kipindi hicho masista wa Kikatoliki, na akina mama wengine wenye uwezo, wakawa wanafundisha wasichana na wanawake kufuma lesi kwa kroshia. Haihitaji mtaji mkubwa: sindano yenye ndoano, uzi na vidole. Mmoja alifuma maua ya waridi tu, mwingine majani tu, kisha vipande vikaunganishwa kuwa kola au gauni zima. Kazi hizo zikauzwa kwa matajiri wa London na Paris. Malkia Victoria mwenyewe alijifunza kufuma kroshia.

Sasa angalia majina. Aliyejulikana zaidi kwenye kroshia enzi hizo ni Eléonore Riego de la Branchardière, mwanamke aliyeanza kuchapisha vitabu vya mitindo ya kufuma miaka ya 1840 na kupata sifa kubwa. Anastahili heshima yake. Lakini wale wanawake waliofuma ili watoto wao wale, majina yao hayako kwenye kola hata moja. Aliyevaa alijulikana, aliyefuma hakujulikana.

Ile miraba ya rangi rangi, ambayo Wazungu wanaiita mraba wa bibi, nayo ina mambo hayo hayo. Mchoro wake unaofahamika kuwa wa zamani zaidi ulichapishwa mwaka 1885 kwenye gazeti la wakulima la Marekani liitwalo Prairie Farmer. Uzuri wake ni kwamba haupotezi kitu: vipande vya uzi vilivyobaki unavifuma miraba midogo, kisha unaiunganisha. Ni ubunifu wa watu wasio na cha kutupa.

Huku kwetu ufumaji wa aina hii uliingia zaidi kupitia misheni, shule za wasichana na vikundi vya akina mama. Kenya, kwa mfano, Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka 1952, na vikundi vyake vilifundisha ushonaji na kazi nyingine za nyumbani. Lengo la wakoloni lilikuwa kumfanya mwanamke awe "mama wa nyumbani" kwa namna wanayoijua wao. Bibi zetu wakaichukua ile sindano wakaifanyia yao. Wakafuma vitambaa vya kumpa bibi harusi, vya kuuza kwa majirani, vya kulipia ada. Sebule ikawa na heshima, hata kama kochi lenyewe limechakaa kwa chini.

Na kuna kitu ambacho wengi hatukijui. Mashine ya kufuma soksi ilibuniwa na Mwingereza William Lee tangu mwaka 1589. Kroshia halisi, mpaka leo, viwanda havina mashine ya kuitengeneza. Vipo vitambaa vya mashine vinavyofanana nayo, lakini ukikuta kroshia yenyewe, hata kwenye nguo ya bei chee mtandaoni, ujue kuna mtu alikaa akaifuma kitanzi kimoja kimoja.

Sasa tupige hesabu. Mto wa sentimita 40 kwa 40 ukiufuma kwa miraba ya sentimita 10, upande mmoja unakula miraba 16. Pande zote mbili, 32. Tuseme mkono mwepesi unamaliza mraba mmoja kwa dakika 20. Hizo ni dakika 640, karibu saa 11, kabla hujaunganisha miraba na kuficha nyuzi. Ukiuza elfu 30, na uzi umekula elfu 10, umebaki na elfu 20. Gawa kwa saa 11: haifiki elfu 2 kwa saa. Halafu anatokea mtu DM anakuandikia, "Mbona bei kali hivyo, si uzi tu?"

Si uzi tu, ndugu yangu. Ni siku nzima ya mtu.

Nilipomwambia mama kwamba mito ya bibi sasa iko kitandani, alicheka, kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Sare yake ya kwanza ya shule ilitokana na vitambaa. Bibi alifuma usiku kwa taa ya chemli, akapeleka sokoni, akarudi na kitambaa cha sare. Nikaichunguza ile mito vizuri. Kwenye mmoja, mraba wa pembeni una weupe tofauti na mingine. Mama anasema uzi uliisha, bibi akasubiri mpaka alipopata hela ya mwingine, na rangi haikulingana.

Miaka yote niliuona ule mraba kama kosa. Siku hizi mgeni akija ndio namwonyesha wa kwanza, na namtajia jina la bibi.

Haya, tupia komenti hapo chini: kwenu nani alikuwa anafuma? Taja jina lake.