Kutoka Muafaka hadi Maridhiano

Mfarakano wa kisiasa Zanzibar umekipa Kiswahili maneno mawili yanayokaribiana kwa maana, yakatofautiana kwa uzito. Muafaka, wa mzizi mmoja na kuafiki, uliitwa mkataba wa CCM na CUF wa mwaka 1999. Wa pili ulifuata Oktoba 2001, baada ya damu kumwagika Januari ya mwaka huo. Yote miwili ilikuwa mapatano ya vyama, yenye vifungu na kamati, nayo ilikwama.

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana Ikulu, likashika neno jingine: maridhiano. Hili ni ndugu wa radhi, ile aombwayo aliyekosewa; na kiambishi -an- chadai kila upande utoe na upokee. Kifungu cha sheria hakiwezi kumwamuru mtu awe radhi. Kura ya maoni ya 31 Julai 2010 iliidhinisha serikali ya umoja kwa asilimia 66.4, thuluthi moja, basi, haikuridhia. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa, CUF ilisusia marudio ya 2016, na umoja ukavunjika. Desemba 2020 Maalim Seif, sasa wa ACT-Wazalendo, aliapishwa tena Makamu wa Kwanza wa Rais. Alifariki Februari 2021.