Waridi la dhahabu na sonara aliyeacha jina

Mwaka 1330 Mapapa hawakuwa Roma; walikuwa wamehamia Avignon, kusini mwa Ufaransa ya leo. Huko ndiko Papa Yohane XXII alikomwagizia sonara Minucchio wa Siena kazi ya waridi la dhahabu.

Desturi ya Papa kumtunuku mtu waridi la dhahabu ilikuwa ya zamani hata wakati huo. Mwaka 1049 Papa Leo IX aliitaka monasteri moja ya watawa wa kike huko Alsace itoe kila mwaka waridi la dhahabu, au dhahabu ya kulitengenezea. Kwa desturi Papa hulibariki ua hilo Dominika ya nne ya Kwaresima, siku ambayo padre huruhusiwa kuvaa mavazi ya rangi ya waridi badala ya zambarau. Baadaye Papa humpa ua hilo anayestahili heshima.

Mwanzoni lilikuwa ua moja tu. Mafundi wakaliongezea matawi, majani, miiba na vitumba. Dhahabu ni laini, na hapo ndipo ufundi ulipo: sonara huifua hadi iwe bamba jembamba, akakata petali moja moja, akazikunja kwa koleo, kisha akazishikiza kwenye kikonyo kwa lehemu. Moto ukizidi kidogo tu, petali huyeyuka na kazi yote imekwenda. Katikati ya ua kubwa huwekwa kikombe kidogo chenye kifuniko cha matundu, na Papa hutia humo miski na zeri. Kwa hiyo waridi hilo hunukia kweli, na hilo hunivutia kuliko uzito wa dhahabu yake.

Waliolipokea ni wengi. Henry VIII wa Uingereza alilipata kabla ya kuvunja uhusiano na Roma. Ila lililo na uzito kwetu ni la mwaka 1888. Mei 13 mwaka huo Isabel, binti wa mfalme wa Brazil aliyekuwa akishika madaraka kwa niaba ya baba yake, alitia saini sheria ya kufuta utumwa. Papa Leo XIII akampelekea waridi la dhahabu. Mwaka uliofuata ufalme wa Brazil ulipinduliwa, na Isabel akaenda uhamishoni Ulaya pamoja na jamaa yake.

Mengi ya maua hayo hayapo tena. Dhahabu ni pesa, na wakati wa vita au deni ua lilirudishwa motoni. Aliyeliyeyusha alipata thamani ya madini, akaipoteza kazi ya mikono ambayo haikuwa na bei.

Waridi la Minucchio lilinusurika kwa bahati. Lilikwenda kwa Rudolf wa Nidau, kabaila wa ukoo wa Neuchâtel, na baadaye likaingia katika hazina ya kanisa kuu la Basel, Uswisi. Jimbo la Basel lilipogawanyika miaka ya 1830, hazina nayo iligawanywa, na upande mmoja ukaamua kuuza fungu lake. Mnada ulifanyika mwaka 1836. Mnunuzi angeweza kabisa kulipima kwa mizani na kulipeleka kwa mfua dhahabu. Badala yake lilifika Paris, na tangu mwaka 1854 ni mali ya Jumba la Makumbusho la Cluny. Lina urefu wa takriban sentimita 60, na juu ya tawi maua yaliyochanua yamekaa pamoja na vitumba ambavyo bado vimefumba.

Siku hizi waridi hupelekwa zaidi mahali pa hija, kama Fatima mwaka 1965 na Aparecida, Brazil, mwaka 1967. Majina ya Mapapa waliotoa yanajulikana. Ya masonara walio wengi hayajulikani, na mimi naona hiyo ni dhuluma. Kwa hiyo nawe ukimwagizia fundi wa mtaani kwako ua la shaba, la fedha au la chuma chakavu kwa ajili ya harusi au mahafali, mwombe achonge jina lake na mwaka chini ya shina kabla hujalibeba.