Utoaji wa tishu: kutoka Arua hadi ughaibuni, familia ndiyo huulizwa

Mwaka 2023 Uganda ilipata sheria yake ya kwanza ya utoaji na upandikizaji wa viungo vya binadamu. Kwa jamaa walioko Arua na Koboko, na kwa watoto wao waliotawanyika ughaibuni, swali gumu huja usiku wa msiba.

Sheria hiyo inakataza biashara ya viungo na kudai ridhaa. Desemba ya mwaka huohuo madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Mulago walipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini. Hapo awali wenye uwezo walisafiri nje, hasa India. Figo hizo zilitolewa na watu walio hai. Tishu zina njia nyingine: konea, ngozi, mifupa na vali za moyo zaweza kuchukuliwa hata baada ya moyo kusimama.

Konea ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Ni utando angavu ulio mbele ya jicho, usio na mishipa ya damu, na kwa hiyo mwili wa mpokeaji huukataa mara chache kuliko viungo vingine. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanywa na Eduard Zirm mwaka 1905. Konea huchukuliwa ndani ya saa chache baada ya kifo, huhifadhiwa kwenye baridi hadi siku 14 hivi, na uso wa marehemu haubadiliki. Jambo lenye uzito pale ambapo waombolezaji humtazama maiti kabla ya maziko.

West Nile inaujua upofu. Usubi, unaoenezwa na inzi weusi wa mito yenye maji ya kasi, uliwasumbua wanavijiji kwa vizazi. Hata hivyo konea mpya humsaidia tu aliyepata makovu kwenye konea. Aliyeharibika sehemu ya nyuma ya jicho haimfai.

Miongoni mwa Walugbara na Wakakwa, marehemu hurudishwa nyumbani azikwe kwenye ardhi ya ukoo, na wazee hutaka kujulishwa kabla ya lolote kufanyika. Waislamu, walio wengi Koboko na miongoni mwa Wanubi, huharakisha maziko. Mwaka 1988 Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililoko Jeddah liliruhusu upandikizaji kwa masharti, yakiwemo ridhaa na kutouza. Papa Yohane Paulo wa Pili naye aliusifu utoaji mwaka 2000.

Nchini Australia mtu anaweza kujisajili kuanzia miaka 16, lakini familia huulizwa hata jina likiwa kwenye orodha. England, tangu 2020, mtu mzima huhesabiwa amekubali asipokataa, na bado jamaa hushauriwa. Hapo ndipo simu hupigwa Koboko usiku wa manane, na mjomba aliyeamshwa usingizini hutakiwa kuamua jambo ambalo marehemu hakuwahi kulitaja nyumbani.

Nchini Australia, familia iliyokubali hupewa mshauri wa kuisindikiza katika majonzi, na baadaye huenda ikapokea barua ya shukrani isiyo na jina la mwandishi. Kwa watu waliozoea kumjua kila aliyekuja kuwapa pole, barua hiyo ni ngeni. Yaweza kujibiwa, wahudumu huipeleka, nayo pia bila majina.