Maji Kabla ya Mafuta: Siku Haruni Alipofanywa Kuhani

Mwaka 2018 serikali ya Rwanda ilifunga mamia ya makanisa mjini Kigali, kisha ikatunga sheria inayomtaka kiongozi wa kanisa awe na shahada ya theolojia. Uganda nayo ilikuwa ikiandaa sera yake kuhusu mashirika ya dini. Habari hizo ziligusa sana Nakivale, makazi ya wakimbizi ya wilaya ya Isingiro, jirani na Mbarara, ambako Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia wanaishi pamoja na makanisa yamejaa kila kijiji. Mchungaji aliyevuka mpaka usiku na watoto mgongoni hakubeba cheti. Basi ni nini kinachomfanya mtu kuwa mtumishi wa madhabahu? Wapo wanaosema elimu. Wengi zaidi wanasema upako, na upako siku hizi unatiwa kwenye chupa na kuuzwa.

Mabishano haya yanasahau kitu kimoja. Katika simulizi ya kwanza ya kuweka makuhani wakfu, mafuta hayakutangulia. Yalitanguliwa na maji.

Mambo ya Walawi sura ya 8 inasimulia siku yenyewe. Musa anakusanya mkutano wote mlangoni pa hema ya kukutania. Anamleta Haruni na wanawe wanne: Nadabu, Abihu, Eleazari na Ithamari. Kabla ya lolote jingine anawaosha kwa maji. Ndipo anamvika Haruni kanzu, mshipi, joho, naivera, kifuko cha kifuani chenye Urimu na Thumimu, kilemba na taji. Ndipo mafuta yanamiminwa kichwani. Wanyama wanachinjwa, na damu ya kondoo wa pili inapakwa kwenye ncha ya sikio la kuume, kidole gumba cha mkono wa kuume na kidole kikubwa cha mguu wa kuume. Baada ya hapo wanakaa mlangoni siku saba bila kutoka.

Tuangalie ni nani anayeosha. Haruni alimzidi Musa miaka 3, na alikuwa amekwisha kupita miaka 80. Mzee huyo anasimama mbele ya taifa zima na kuoshwa na mdogo wake. Hakujiosha. Rashi, mfasiri mkubwa wa Kiyahudi wa karne ya 11 huko Ufaransa, anasema kuoshwa huko kulikuwa kuzamishwa mwili wote, yaani kile ambacho walokole wetu wanakiita maji mengi. Baada ya siku hiyo kuhani alinawa mwenyewe, mikono na miguu, kila alipoingia kuhudumu, kwenye birika la shaba lililofuliwa kutokana na vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Asiponawa, adhabu iliyotajwa ni kifo. Lakini kuoshwa kwa kwanza kulikuwa mara moja tu, tena kwa mkono wa mtu mwingine.

Sulemani alipojenga hekalu aliweka bahari ya shaba, yaani birika kubwa la makuhani, yenye upana wa dhiraa 10 juu ya sanamu za ng'ombe 12. Mfalme Ahazi akaishusha kutoka juu ya ng'ombe hao. Wababeli wakaivunja bahari yenyewe na kubeba shaba yake.

Wayahudi waliporudi kutoka uhamishoni na kujenga hekalu la pili, kulitokea jambo ambalo kila muuza mafuta angepaswa kulijua. Mapokeo ya marabi yanasema mafuta matakatifu ya Musa hayakuwapo tena. Mfalme Yosia alikuwa ameyaficha. Kwa karne nyingi makuhani wakuu waliingia kazini kwa kuvikwa mavazi tu, na Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa yapata mwaka 200, inawatofautisha waziwazi na wale waliotiwa mafuta. Hekalu liliendelea bila tone la mafuta yale. Bila maji halikwenda hata siku moja. Siku ya Upatanisho kuhani mkuu alizama mara 5 na kunawa mikono na miguu mara 10, huku shuka ya kitani ikimsitiri machoni pa watu. Akiwa mzee au dhaifu, maji ya moto yaliongezwa kuvunja baridi. Mtu mmoja aliyeitwa Ben Katini aliongeza mabomba ya birika kutoka 2 hadi 12, akaweka pia mtambo wa kulishusha kisimani, kwa sababu maji yaliyolala yalikuwa hayafai.

Maji hayo yalizua ugomvi ambao unastahili kusimuliwa polepole.

Sheria inasema aliyenajisika aoge na kungoja jua lichwe. Je, kuhani anayekwenda kuchoma ng'ombe mke mwekundu, ambaye majivu yake hutakasa taifa, anaweza kufanya kazi hiyo akiwa ameoga tu, jua halijazama? Masadukayo, ambao wengi wao walikuwa wa koo kubwa za kikuhani, walisema hapana. Mafarisayo walisema akishaoga yatosha. Na ili msimamo wao uonekane na wote, walifanya jambo la kushangaza: walijenga mahali pa kuogea kwenye Mlima wa Mizeituni, na kuhani alipofika, wazee walimwekea mikono makusudi wamnajisi, kisha wakamwamuru azame palepale. Hivyo hakuna ambaye angeweza kusema kazi imefanywa kwa kanuni ya Masadukayo.

Tosefta, kitabu ndugu cha Mishna, inasimulia juu ya kuhani mmoja Msadukayo aliyeoga mapema na kungoja jua kuchwa kwa siri, kisha akapanda mlimani. Rabani Yohana ben Zakai, mwalimu wa Mafarisayo, akapata habari. Akamwekea mikono yote miwili, akamsifu jinsi anavyopendeza kuwa kuhani mkuu, akamwambia ashuke azame mara moja. Mtu yule hakuwa na njia, akazama, akatoka. Hapo Yohana akamtia jeraha sikioni. Kuhani mwenye kilema hahudumu, na sikio ndilo kiungo ambacho damu aliyopaka Musa ilianza nacho. Kuhani akaapa kwamba atamshughulikia atakapopata nafasi. Siku tatu hazikupita, akazikwa. Inasemekana baba yake alikuja kwa Yohana na kukiri kwamba mwanawe hakuipata nafasi hiyo.

Simulizi hii imeandikwa na washindi, na ukali wake unanisumbua: kumjeruhi mtu aliyetii ni dhuluma, hata ikifanywa na mwalimu mkubwa. Na Masadukayo hawakuwa peke yao. Maandiko yaliyopatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, kuanzia mwaka 1947, yana waraka unaoshikilia kanuni ileile ya kungoja machweo. Pande zote ziliamini kwamba maji yasiyofaa yanaharibu utakaso wa taifa zima, ndiyo maana ziligombana hivyo.

Warumi waliteketeza hekalu mwaka 70, na makuhani wakabaki bila birika. Hata hivyo, katika masinagogi mengi hadi leo, kabla kuhani hajawabariki watu, Mlawi humnawisha mikono.

Huku kwetu pia maji yana historia yake. Omugabe Kahaya, mfalme wa Ankole, na waziri wake mkuu Nuwa Mbaguta walibatizwa mwaka 1902. Upande wa mashariki, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliisoma Torati kwa bidii hadi akatahiriwa mwaka 1919 na kuanzisha jamii ya Abayudaya karibu na Mbale. Mwaka 2002 mamia ya wazao wa jamii hiyo walizama majini mbele ya marabi waliotoka nje, na mwaka 2008 Gershom Sizomu akawekwa wakfu kuwa rabi huko Los Angeles.

Nakivale kuna ziwa, na makanisa yanajua kumzamisha muumini. Waadventista wanatawadhana miguu kabla ya Meza ya Bwana. Wasomali wanatawadha kabla ya kila swala. Lakini siku ya kumsimika mchungaji tunaona joho jipya, tunaona mafuta, tunaona wageni kutoka Mbarara na vipaza sauti, beseni halipo. Makanisa yanayofuata sheria ya Walawi katika sadaka na zaka hayana sababu ya kuiacha hatua ya kwanza ya Walawi. Inahitaji jagi, beseni, na mtu mwenye haki ya kumnawisha mtumishi mpya mbele ya watu wanaomjua, hata awe mdogo wake.