Dawa za Presha Zinapomsumbua Mzazi Wako: Fanya Hivi Kabla Hajaziacha

Nilimtembelea bibi mmoja nyumbani kwake kwa sababu presha yake ilikataa kushuka. Siku hiyo ilisoma 190 kwa 104. Binti yake alikuwa na uhakika kwamba mama anameza dawa, maana yeye mwenyewe humpa mkononi kila jioni akitoka sokoni. Tulipoinua godoro ili kutandika upya, tukakuta vidonge vimejaa pembeni, vingine vimeshalainika.

Bibi hakukataa. Aliniambia, "Mjukuu wangu, kile kidonge cheupe kinanikimbiza chooni usiku kucha, na choo kiko nje. Juzi nilianguka mlangoni. Nikasema basi." Hakumwambia binti yake kwa sababu alimwona anavyohangaika kutafuta hela ya dawa.

Mlezi, hali hii iko katika nyumba nyingi. Presha ya kupanda mara nyingi haiumi, lakini kidonge chake kinaweza kumsumbua mzee kila siku. Kwa hiyo mzee anapoacha dawa, kwake ni jambo la akili kabisa. Tatizo ni kwamba presha isiyotibiwa huharibu kimyakimya mishipa ya ubongo, moyo na figo, na wengi hugundua siku ya kiharusi.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: dawa za presha ni za aina nyingi. Moja ikimsumbua, mara nyingi inaweza kupunguzwa, kuhamishwa saa au kubadilishwa. Lakini hilo linawezekana tu kama kituo cha afya kinajua.

Kwa nini dawa huwasumbua wazee zaidi?

- Figo za mzee hutoa dawa mwilini polepole kuliko za kijana.
- Mzee anaposimama, mwili wake huchelewa kurekebisha presha, hivyo hupata kizunguzungu kwa urahisi.
- Mzee hasikii kiu sana. Wengine hujinyima maji makusudi ili wasiende chooni mara kwa mara.
- Wengi wanameza dawa nyingine pia, kama za kisukari, maumivu ya viungo au tezi dume. Baadhi ya dawa za tezi dume nazo hushusha presha.

Kwanza jua anameza nini

Kusanya dawa zote za mzazi, hata zile za zamani na zilizonunuliwa dukani, uziweke mezani. Kwenye pakiti kuna jina kubwa la kampuni na jina dogo la dawa yenyewe. Soma lile dogo. Pakiti mbili zenye rangi na majina makubwa tofauti zinaweza kuwa dawa moja, na mzee akawa anameza dozi mara mbili.

Haya ndiyo maudhi ambayo mara nyingi huletwa na kila kundi:

*Dawa ambazo jina lake huishia na -dipine (kama amlodipini na nifedipini).* Miguu kuvimba kwenye vifundo, hasa jioni, kichwa kuuma na uso kuhisi joto. Kuumwa kichwa mara nyingi hupungua baada ya siku chache. Kwa miguu, mwinulie juu ya mto anapopumzika na utoe taarifa kliniki. Usimwongezee dawa ya kukojoza kwa uamuzi wako, maana uvimbe huu kwa kawaida hauondoki kwa njia hiyo. Lakini miguu ikivimba na pumzi ikawa fupi, au akashindwa kulala chali, mpeleke kituoni siku hiyohiyo. Huenda ni moyo.

*Zinazoishia na -pril (kama kaptoprili, enalaprili na lisinoprili).* Kikohozi kikavu kisichoisha, kinachosumbua zaidi usiku. Dawa za kikohozi hazikisaidii. Dawa ikibadilishwa, kikohozi huondoka chenyewe ndani ya wiki kadhaa. Kikohozi chenye makohozi, homa au kupungua uzito ni jambo jingine: apimwe, pamoja na kifua kikuu.

*Zinazoishia na -sartan (kama losatani).* Hizi kwa kawaida hazileti kikohozi, ndiyo maana hutumika badala ya kundi lililotangulia. Anaweza kupata kizunguzungu.

*Dawa za kukojoza (kama haidroklorothaiazaidi, bendrofluazaidi na furosemaidi).* Kukojoa mara nyingi, misuli kukaza, mdomo kukauka, na kwa wengine maumivu makali ya kidole gumba cha mguu. Zinaweza pia kushusha chumvi ya damu, na mzee akaanza kuchanganyikiwa au kusinzia kupita kiasi. Watu wa nyumbani watasema ni uzee. Kama hali imeanza ndani ya siku au wiki chache tangu dawa ianze au dozi ipande, si uzee. Mpeleke siku hiyohiyo akapimwe damu.

*Zinazoishia na -olol (kama atenololi, bisoprololi na propranololi).* Uchovu, mikono na miguu kuwa baridi, mapigo ya moyo kwenda polepole. Kama mzazi ana pumu, mwambie daktari kabla hajazianza. Kama anatumia dawa za kushusha sukari, jua kwamba kundi hili linaweza kuficha moyo kwenda mbio, ambayo ni dalili ya sukari kushuka. Na zaidi ya yote, kundi hili halikatishwi ghafla. Presha na mapigo vinaweza kupanda kwa nguvu, akapata hata maumivu ya kifua.

Kukojoa usiku: badilisha saa kwanza

Yule bibi tatizo lake lilikuwa saa. Binti alitoka alfajiri kwenda sokoni, hivyo dawa ikawa inamezwa jioni, na kazi yake ikafanyika usiku. Tulizungumza na daktari, dawa ikahamishiwa asubuhi, na mjukuu wake akapewa kazi ya kumpa bibi dawa kabla hajaenda shule. Pia waliweka ndoo yenye mfuniko chumbani na tochi karibu na mto. Vidonge vya chini ya godoro vikaisha.

Muulize mzazi anakojoa mara ngapi usiku. Najua si rahisi, hasa kama wewe ni mkwe na mgonjwa ni baba mkwe. Mtumie mjukuu, kaka wa mume au mhudumu wa afya ngazi ya jamii amuulize. Na kama siku ya msiba au safari ya basi huwa anaruka dawa ili asiaibike njiani, usimgombeze. Uliza kliniki mapema siku kama hizo dawa imezwe saa ngapi.

Kizunguzungu anaposimama

Hili ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu mzee akianguka anaweza kuvunjika nyonga na asirudi tena kwenye miguu yake. Mfundishe kuamka kwa hatua:

1. Akiwa bado amelala, achezeshe vifundo vya miguu mara kumi.
2. Aketi ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili.
3. Asimame akiwa ameshika kitu imara, asubiri kidogo, ndipo atembee.

Kama mna mashine ya presha, mpime akiwa amelala au ameketi kwa dakika 5, kisha apime tena akiwa amesimama, baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Kaa karibu naye asianguke. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, andika na upeleke taarifa kliniki.

Akiharisha, akitapika au asipokula

Siku hizo mwili unapoteza maji, na dawa za kukojoza pamoja na zile za -pril na -sartan zinaweza kushusha presha mno na kuumiza figo. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo na uwasiliane na kituo siku hiyohiyo kuuliza ni dawa ipi isimamishwe kwa muda na lini irudishwe. Kama mzazi hufunga Ramadhani, zungumza na kliniki kabla mwezi haujaanza.

Jihadhari na dawa za maumivu

Diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa kwa wingi kwa ajili ya mgongo na magoti. Zinaweza kupandisha presha, na zikikutana na dawa ya kukojoza na ya kundi la -pril au -sartan, zinaweza kudhuru figo za mzee. Mwambie muuza dawa kwamba mgonjwa ana presha. Paracetamoli kwa kipimo sahihi mara nyingi ni salama zaidi. Kama anatumia dawa za miti shamba, itaje kliniki bila kuficha.

Pima vizuri, uandike

Akojoe kwanza. Aketi dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa. Asizungumze. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati.

Tumia daftari la shule, andika tarehe, saa, presha, saa aliyomeza dawa, na alichokisikia. Kwa mfano: "Jumanne, saa 1 asubuhi, 138 kwa 82. Amemeza saa 1 na nusu. Saa 4 kizunguzungu alipoinuka kwenye mkeka, kiliisha baada ya kuketi." Mistari kama hiyo ya wiki moja humsaidia daktari kuliko kusema "dawa hazimpendi."

Ukifika kliniki, sema hivi: "Tangu aanze dawa hii, mama anakohoa kila usiku, sasa wiki ya tatu. Anataka kuiacha. Je, kuna nyingine?" Kisha uliza mambo mawili zaidi: hiyo mpya ipo hapa kituoni, na ya zamani aiache siku gani? Wengi hurudi nyumbani na kuendelea na zote mbili. Kama hela ndiyo inayowafanya mruke siku, sema pia. Kuna vidonge vya bei nafuu vinavyofanya kazi vizuri, na katika vituo vingi vya Tanzania kuna dirisha la wazee la kuulizia utaratibu wa msamaha.

Usifanye haya

- Usimpe dozi mbili kwa sababu jana alisahau.
- Usikate kidonge nusu bila kuuliza. Vingine vimetengenezwa kuachia dawa polepole na havikatwi.
- Usimpe dawa ya jirani, hata kama "presha ni ileile."
- Usimwekee nifedipini chini ya ulimi presha ikipanda. Inaweza kuishusha ghafla na kuleta kiharusi.
- Usiache dawa kwa sababu presha imekuwa nzuri. Imekuwa nzuri kwa sababu anameza.

Usisubiri: mpeleke hospitali mara moja

- Midomo, ulimi au uso umevimba, au sauti imebadilika na pumzi inabana. Dawa za -pril zinaweza kuleta hali hii hata baada ya miezi au miaka ya kuzitumia, na hutokea zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Asimeze tena dawa hiyo, na uibebe uionyeshe.
- Uso umepinda, mkono au mguu umeishiwa nguvu, au maneno hayatoki vizuri. Angalia saa dalili zilipoanza, hospitali watakuuliza.
- Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuzimia, au kuanguka na kugonga kichwa.
- Presha ya juu chini ya 90 na mzee amelegea, au mapigo ya moyo chini ya 50 kwa dakika akiwa na kizunguzungu.
- Presha 180 kwa 120 au zaidi pamoja na kichwa kuuma sana, kuona giza, kuchanganyikiwa au maumivu ya kifua. Kama hana dalili yoyote, mpumzishe dakika 5 na upime tena. Ikibaki hapo, aonwe siku hiyohiyo.

Anza leo jioni

Keti na mzazi wako mkiwa wawili tu. Usimuulize "Umemeza dawa?" Swali hilo jibu lake ni ndiyo siku zote. Muulize, "Mama, ni kidonge gani hukipendi, na kinakufanya nini?" Kisha nyamaza umsikilize. Atakachokwambia kiandike kwenye daftari, ndicho cha kupeleka kliniki.